Fungate ya Pwani kwa Maharusi wa Nairobi: Hoteli Ichaguliwe Mwisho

Kila msimu wa harusi swali hurudi lile lile. Huulizwa kwenye vikao vya kamati katika hoteli za katikati ya jiji, kwenye makundi ya WhatsApp ya Kilimani na Kileleshwa, na nje ya kanisa huko Kangemi baada ya tangazo la ndoa kusomwa: fungate twende hoteli gani ya Pwani? Anayeuliza huwa tayari ana picha kwenye simu: bwawa la kuogelea linalotazama bahari, kitanda kilichotandazwa maua, mashua yenye tanga jeupe.

Picha hizo ni nzuri na mahali penyewe papo. Tatizo ni kwamba maharusi wengi huanza na hoteli, wakalipa arubuni, ndipo wakagundua kuwa tarehe yao imeangukia mvua za Mei, kwamba treni imejaa, au kwamba kamati imekula pesa za safari kwa ajili ya tenti ya pili. Hoteli ni swali la nne. La kwanza ni pesa, la pili tarehe, la tatu mahali na njia ya kufika huko. Makala haya yanafuata mpangilio huo, kwa ajili ya bibi na bwana harusi wanaoondokea Nairobi, wawe wanaishi Westlands, Lavington, Dagoretti au Kawangware.

Pesa za fungate zikae mbali na za kamati

Bajeti ya harusi ya Nairobi ina tabia ya kuvimba wiki mbili za mwisho. Wageni huongezeka, mpiga picha hudai salio, gari la tatu huhitajika. Pesa zilizo karibu ndizo hutumika, na mara nyingi pesa zilizo karibu ni za fungate. Kwa hiyo:

- Fungueni akaunti au mfuko wa akiba wa simu ulio wenu wawili tu. Mweka hazina wa kamati asiwe na habari wala ufikiaji wake.
- Wekeni humo kiasi kidogo kila mwezi tangu siku ya posa, badala ya kusubiri kitakachobaki baada ya harusi. Kwa kawaida hakibaki kitu.
- Lipeni nauli na malazi yote kabla ya siku ya harusi. Kilicholipwa hakiwezi kuhamishiwa kwenye keki.
- Ndugu na marafiki wanaouliza wawape zawadi gani waombeni walipe usiku mmoja wa hoteli moja kwa moja kwa namba ya malipo ya hoteli. Wengi hupenda zawadi yenye kazi inayojulikana.
- Msichukue mkopo wa simu kwa ajili ya fungate. Riba yake huanza kudaiwa mkiwa bado mnafungua zawadi.

Bajeti nayo iwe ya mambo yote, maana wengi huhesabu nauli na chumba tu. Orodha kamili ina vichwa saba: nauli ya kwenda na kurudi, gari la kutoka kituoni hadi hotelini, malazi, chakula kisicho ndani ya bei ya chumba, matembezi ya baharini na ada za hifadhi, bahshishi na vitu vidogo, na akiba ya dharura isiyopungua sehemu moja kwa kumi ya jumla.

Chukua mfano wa nauli peke yake. Tangu Januari 2024 tiketi ya treni ya Madaraka Express kati ya Nairobi na Mombasa ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza. Watu wawili, kwenda na kurudi, watatumia shilingi 6,000 au 18,000. Tofauti ni shilingi 12,000. Maharusi wenye bajeti finyu wajiulize kwa uwazi kama saa tano za kiti kipana zina thamani zaidi kwao kuliko siku ya mashua huko Kisite. Jibu lolote ni sahihi, mradi limetolewa na wote wawili.

Tarehe: likizo, upepo na maji

Kwanza likizo ya kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku 21 za kazi za likizo ya mwaka, na haina siku maalumu za harusi. Fungate basi itatoka kwenye siku hizo hizo. Ombeni kwa maandishi mapema, na msilipe chochote kabla ya mwajiri wa kila mmoja kukubali kwa maandishi.

Pili msimu. Mwaka wa Pwani unaongozwa na pepo mbili:

- Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Kuna joto kali, bahari hutulia, na maji huwa maangavu kwa wanaotaka kutazama samaki na matumbawe.
- Kusi huvuma takriban kuanzia Aprili hadi Oktoba. Hewa hupoa, hasa Juni hadi Agosti, lakini bahari huchafuka na mashua nyingine hazitoki.
- Masika huanza mwishoni mwa Machi au Aprili, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi Pwani. Hoteli nyingi hushusha bei, na baadhi hufunga kwa ukarabati.
- Vuli huja kati ya Oktoba na Desemba, kwa kawaida kwa vipindi vifupi.

Anayetaka nyangumi aende kati ya Julai na Septemba, wakati nyangumi wenye nundu wanapopita karibu na Watamu na Diani. Anayetaka bei nafuu na hali nzuri ya hewa kwa pamoja atazame Septemba, Oktoba na sehemu ya kwanza ya Novemba. Wiki mbili za Krismasi na Mwaka Mpya, Pasaka, na likizo za shule za Agosti ndizo ghali kuliko zote, na ndizo hizo hizo ambazo watu wa Nairobi hupenda kufunga harusi. Hakuna sheria inayosema fungate lazima ifuate harusi siku ya pili. Wanaooana Desemba wanaweza kupumzika siku mbili mjini na kwenda Pwani mwishoni mwa Januari, bahari ikiwa bado imetulia na vyumba vikiwa vimeshuka bei.

Tatu ni jambo ambalo watu wa bara hulisahau kabisa: maji kujaa na kupwa. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari hupwa sana. Ufuo uliouona pichani ukiwa na maji ya bluu mlangoni utaukuta ni mchanga, mwani na miamba mpaka mbali, na hakuna pa kuogelea kwa saa kadhaa. Siku za maji mafu tofauti huwa ndogo. Kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50, kwa hiyo maji yakijaa saa nne asubuhi Jumatatu, Ijumaa yatajaa baada ya saa saba mchana. Tafuteni jedwali la maji la bandari ya Kilindini, Mombasa, kwenye intaneti kabla ya kuchagua wiki, kisha pangeni kuogelea na matembezi kulifuata.

Na Wakristo wanaokwenda Lamu, Unguja au Mji wa Kale wa Mombasa watazame kalenda ya Kiislamu pia. Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi. Mikahawa mingi ya mitaani hufungwa mchana, na kula hadharani ni kukosa adabu. Hoteli za ufuoni huendelea kuhudumia wageni wao.

Mahali: panne, kila pahali pana watu wake

Diani, kaunti ya Kwale. Mchanga mweupe, hoteli za kila kiwango, nyumba za kupanga zenye mpishi, na shughuli nyingi. Panawafaa wanaotaka kuchanganya kulala na kutembea: Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti na pomboo wake upande wa Shimoni na Wasini, Shimba Hills kwenye palahala adimu, na msitu mtakatifu wa Kaya Kinondo, mmoja wa misitu ya kaya za Mijikenda iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Onyo: kima na nyani wa Diani huingia vyumbani. Fungeni madirisha, wala msiwalishe.

Watamu, kaunti ya Kilifi. Ni mji mdogo na mtulivu wenye ghuba zilizokingwa na miamba. Hifadhi yake ya bahari ilianzishwa mwaka 1968 pamoja na ya Malindi. Karibu kuna Mida Creek yenye mikoko, msitu wa Arabuko-Sokoke, na magofu ya Gede yaliyoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2024. Maharusi wanaopenda utulivu kuliko muziki wa usiku watapapenda. Wanaofikiria Malindi badala yake wajue kwamba Mto Sabaki ukifurika huleta udongo baharini, na maji ya Malindi hugeuka rangi ya chai kwa wiki kadhaa.

Lamu. Mji wa Kale, Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001, una vichochoro visivyopitika kwa gari, punda, na nyumba za ghorofa zenye ua wa ndani. Ufuo uko Shela, mwendo wa mashua au wa miguu kutoka mjini. Panawafaa wanaotaka kusoma, kula samaki na kutembea polepole. Nendeni kwa ndege hadi Manda. Barabara ya Garsen hadi Lamu imewahi kushambuliwa mara kadhaa na haifai kwa fungate.

Unguja, Zanzibar. Wakenya hawahitaji viza kuingia Tanzania, lakini kuna hati za kuandaa, na zimeelezwa chini. Chagueni upande wa kisiwa kwa makini. Mashariki, Paje na Jambiani, maji hupwa mbali sana. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, mnaweza kuogelea karibu saa zote.

Kosa la kawaida hapa ni kutaka kuona yote. Siku tano zikigawanywa kati ya Diani, Watamu na Lamu, nusu yake huishia garini. Kwa siku tano au chini, kaeni mahali pamoja. Kwa siku nane au zaidi, mahali pawili panatosha.

Njia: kutoka mlangoni Nairobi hadi mlangoni Pwani

Harusi nyingi ni Jumamosi, na maharusi wengi hujipangia kuondoka Jumapili alfajiri. Wanafika wamechoka, miguu imevimba, na siku ya kwanza waliyoilipia hupita wamelala. Afadhali kulala Jumamosi na Jumapili hapa hapa mjini, kisha kuondoka Jumatatu. Bei za ndege na vyumba mara nyingi huwa nafuu siku hiyo kuliko wikendi.

Kwa treni

- Tiketi hukatwa kwa kupiga *639# au kwenye tovuti ya Shirika la Reli, na kulipwa kwa M-Pesa. Karibu na sikukuu huisha haraka, kwa hiyo msingoje wiki ya harusi.
- Stesheni iko Syokimau. Kutoka Westlands na Lavington, barabara ya Expressway inaanzia James Gichuru na ina mlango wa kutokea karibu na stesheni. Wa Dagoretti na Karen wanaweza kutumia Southern Bypass. Wasio na gari wapande treni ya kuunganisha kutoka stesheni ya katikati ya jiji.
- Fikeni saa moja kabla, zaidi kidogo siku za sikukuu. Mizigo hukaguliwa kwa mbwa na mashine, na kitambulisho hudaiwa.
- Treni ya alasiri hufika stesheni ya Miritini, Mombasa, usiku wa mapema. Treni ya usiku hufika kabla ya alfajiri, wakati vyumba vingi vya hoteli hutolewa saa nane mchana. Mkichagua ya usiku, ombeni kwanza kuingia chumbani mapema na mjue gharama yake.
- Wanaokwenda Diani wasifuate tena ushauri wa zamani wa kupita kivukoni Likoni. Tangu barabara ya Dongo Kundu ilipofunguliwa mwaka 2024, gari linatoka Miritini hadi upande wa Kwale bila kupanda feri. Mwambieni dereva mapema apite huko, na mkubaliane bei kabla ya kuingia garini.

Kwa ndege

Ndege za JKIA huenda Mombasa, Malindi, Lamu na Ukunda, uwanja ulio dakika chache kutoka hoteli za Diani. Ndege ndogo za Wilson huenda Pwani pia, na kwa wakazi wa Kilimani au Karen Wilson iko karibu zaidi. Lakini angalieni mizigo: ndege nyingi ndogo huruhusu kilo 15 tu kwa mtu, na hupendelea mkoba laini kuliko sanduku gumu. Sanduku la zawadi lisipelekwe fungate. Linganisheni pia gharama kamili: tiketi ya Mombasa ya bei rahisi pamoja na teksi hadi Watamu inaweza kupita bei ya tiketi ya moja kwa moja hadi Malindi.

Kwa gari

Hadi Mombasa ni takriban kilomita 480 kwenye barabara yenye malori mengi. Msiendeshe usiku, wala asiendeshe aliyeoa jana. Mkilazimika, vunjeni safari kwa kulala Voi au Mtito Andei.

Sasa hoteli: maswali ya kuuliza kwa simu

Mpaka hapa mna kiasi, wiki na mahali. Hoteli zinazobaki ni chache, na kuchagua kumekuwa rahisi. Chagueni tatu, mpige simu wenyewe, na muulize maswali haya haya kwa zote:

1. Bei ni ya chumba au ya mtu? Ni ya Wakenya na wakazi wa Afrika Mashariki? Hoteli nyingi zina bei mbili, na ya wakazi huwa chini. Mtatakiwa kuonyesha kitambulisho.
2. Ndani ya bei kuna milo gani? Kifungua kinywa peke yake, kifungua kinywa na chakula cha jioni, au milo yote na vinywaji?
3. Kodi zote zimo?
4. Chumba kinatazama bahari au bustani? Kutoka mlangoni hadi mchangani ni hatua ngapi, na kuna barabara ya kuvuka?
5. Kuna kiyoyozi au feni tu? Umeme ukipotea, jenereta inaendesha na kiyoyozi?
6. Maji ya bomba ni matamu au ya chumvi? Visima vingi vya Pwani vina chumvi, na wenye ngozi nyepesi na nywele zilizotengenezwa huumia.
7. Kuna chandarua?
8. Wiki hiyo kuna ujenzi, harusi au kongamano hotelini?
9. Tukiahirisha kwa msiba au ugonjwa, tunarudishiwa kiasi gani na kwa muda gani?

Semeni wazi kuwa ni fungate. Hoteli nyingi huwaongezea maharusi maua, keki au chakula cha jioni ufuoni, wakati mwingine chumba bora zaidi, lakini hutaka kujua kabla ya kufika, na baadhi huomba nakala ya cheti cha ndoa au kadi ya mwaliko.

Nyumba ya kupanga yenye mpishi ni chaguo zuri Diani na Watamu, hasa kwa wasiopenda makundi ya watu. Hakikisheni nani ananunua chakula, mpishi analipwa na nani, na kama kuna mlinzi usiku.

Kulipa bila kutapeliwa

Matapeli wanajua msimu wa harusi. Huchukua picha za nyumba ya kweli, wakatangaza bei ya chini, wakatoweka na arubuni. Hatua za kujilinda ni chache:

- Lipeni kwa namba ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la hoteli au kampuni. Jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri likiwa la mtu binafsi, simamisheni malipo na muulize.
- Pigeni simu namba ya hoteli iliyo kwenye tovuti yake, hata kama mnapitia wakala. Ulizeni kama nafasi kwa majina yenu ipo.
- Mkitumia wakala, daini leseni yake ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, na mtembelee ofisi yake. Wengi wana ofisi katikati ya jiji au Westlands. Safari ya nusu saa inaweza kuokoa akiba ya mwaka.
- Nyumba ya kupanga: ombeni mazungumzo ya video ambapo mwenyeji anatembea kutoka lango hadi ufuoni.
- Mpango wa kulipa mdogo mdogo ni mzuri, mradi kila malipo yana risiti na tarehe ya mwisho imeandikwa.

Hati na majina

Tiketi zote zikatwe kwa jina lililo kwenye kitambulisho siku ya kusafiri. Bibi harusi anayepanga kubadili jina asikate tiketi kwa jina jipya. Kitambulisho kipya hakitakuwa tayari. Wanaofunga ndoa ya kiserikali kwa Msajili wa Ndoa, Sheria House, wakumbuke kwamba ilani yake ni ya siku 21, na tarehe ya safari isiwekwe kabla ya tarehe ya ndoa kuthibitishwa.

Wanaokwenda Unguja wanahitaji vitu vitatu. Pasipoti, ambayo huombwa kupitia eCitizen na alama za vidole kuchukuliwa Nyayo House. Ombeni miezi mitatu kabla. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambayo lazima ichanjwe angalau siku 10 kabla ya safari. Na bima: tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar inawataka wageni kutoka nje ya Tanzania wawe na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, inayonunuliwa kwenye intaneti kabla ya kufika.

Afya: mambo manne ya kutodharau

Malaria. Nairobi haina malaria nyingi, Pwani inayo. Mtu wa Lavington hana kinga ya mtu wa Msambweni. Muoneni daktari au mfamasia kuhusu dawa za kinga kabla ya safari, kwa sababu lazima zianzwe kabla ya kuondoka na kuendelea baada ya kurudi. Tumieni chandarua na dawa ya kupaka. Homa yoyote wiki za baada ya kurudi ipimwe malaria siku hiyo hiyo, na mwambieni daktari kuwa mlikuwa Pwani.

Mimba. Bibi harusi mjamzito amwone daktari kabla ya kukata tiketi, kwa ajili ya malaria na kwa ajili ya ndege. Mashirika mengi ya ndege hudai barua ya daktari kuanzia wiki ya 28.

Jua. Ngozi nyeusi huungua pia. Kofia, mafuta ya kukinga jua, na kivuli kati ya saa tano na saa tisa.

Bahari. Vaeni viatu vya maji mnapotembea kwenye miamba. Kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi inayovunjikia ndani ya nyayo. Asiyejua kuogelea asipande mashua bila jaketi ya kujiokolea iliyofungwa mwilini. Nahodha akisema leo bahari ni mbaya, mtiini, hata kama mmeshalipa.

Ufuoni: bei, sheria na adabu

- Vijana wanaouza matembezi ufuoni wanajitafutia riziki, na wengi wanaijua bahari vizuri. Salimianeni nao kwa heshima. Mkikubaliana, bainisheni kabla ya kupanda: bei ni ya mtu au ya mashua nzima, ada ya hifadhi imo au haimo, chakula kimo au hakimo. Lipeni salio mkirudi.
- Ada za hifadhi za KWS hulipwa kwa eCitizen. Raia hulipa kidogo kuliko wageni, kwa hiyo bebeni vitambulisho hata mashuani.
- Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja, zikiwemo chupa za maji na mirija, haziruhusiwi kwenye fuo na hifadhi za Kenya. Bebeni chupa ya kudumu.
- Msiokote matumbawe wala kome katika hifadhi, na msiwaguse kasa.
- Nguo za kuogelea ni za ufuoni na hotelini. Mjini Lamu, Mji wa Kale wa Mombasa na Mji Mkongwe wa Unguja, funikeni mabega na magoti, na ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Kubusiana barabarani huko huwaudhi wenyeji.

Pingamizi zinazosikika kila mara

"Hatuna pesa za Pwani." Basi punguzeni siku, msipunguze usalama. Usiku tatu Diani kwa treni daraja la kawaida na chumba safi kilicho safu ya pili kutoka ufuoni, nje ya msimu, ni fungate kamili. Kulazimisha usiku saba kwa deni si lazima.

"Tumeishi pamoja miaka minne, fungate ya nini?" Hao ndio wanaoihitaji zaidi. Baada ya miezi ya vikao, michango na mabishano ya orodha ya wageni, siku chache bila simu za kamati huwapa nafasi ya kuongea mambo mengine.

"Mmoja wetu haogelei." Chagueni Lamu, au Watamu penye mikoko na magofu. Pwani ina mengi nje ya maji.

"Wakwe wanataka tuwatembelee kwanza." Watembeleeni, lakini kwa tarehe nyingine. Waambieni mapema siku mtakazokuwa safarini, kwa upole na kwa pamoja, ili asilaumiwe mmoja.

"Tutapanga tukishafika." Huenda ikafaulu mwezi wa Juni. Desemba mtalala kwenye chumba kilichobaki, kwa bei ya aliyebaki nacho.

Ratiba ya wiki kumi na mbili

Wiki ya 12: Kiasi kiandikwe, mfuko ufunguliwe, likizo iombwe. Wa Unguja waombe pasipoti.

Wiki ya 10: Mwezi, upepo na jedwali la maji vitazamwe. Mahali pachaguliwe.

Wiki ya 8: Hoteli tatu zipigiwe simu. Arubuni ilipwe kwa iliyoshinda.

Wiki ya 6: Tiketi za ndege zikatwe. Wa treni waanze kuulizia, na wakate mara nafasi za siku yao zinapofunguliwa. Wa Unguja wachanjwe.

Wiki ya 4: Salio la hoteli lilipwe. Gari la kutoka stesheni au uwanja wa ndege liwekwe.

Wiki ya 2: Daktari aonwe kuhusu malaria. Hoteli ipigiwe tena kuthibitisha, majina yakisomwa herufi kwa herufi.

Wiki ya 1: Mikoba ifungwe kabla ya Jumatano. Vitambulisho, nakala za risiti na dawa viwe kwenye mkoba mmoja mdogo anaoushika mtu mmoja anayejulikana. Asiwe msimamizi wa harusi.

Mwisho, jambo la kufanya leo. Kaeni wawili, bila kamati, muandike kwenye karatasi moja kiasi mnachoweza kutumia bila kukopa na siku ambazo waajiri wenu wanaweza kuwapa. Mkishapata namba hizo mbili, pelekeni barua za likizo kesho asubuhi. Hoteli ya kwenye picha ingoje mpaka wiki ya nane.